Torshi Yako ya Mayai

Mama Béa, muke wangu,

Hakuna mutu ananisaidia kuandika. Ni mukono yangu, na herufi zinatembea sawa mbuzi, kila moja na njia yake. Hapa Likasi bote banajua mimi njo fundi wa maneno. Weye peke yako njo ulijua kunifunga kinywa.

Unakumbuka ile samaki ya mu maji ya Tshangalele? Nilikuambia niliivuta masaa tatu, karibu inizamishe. Hukubisha. Ulifunga kitambaa ku kichwa, ukaenda kuuliza fundi wa baiskeli, ukauliza muke yake, mama wa chumvi, mpaka na ule mulevi wa kona. Bote nilikuwa nimebapanga baseme sawa mimi! Ukarudi, ukakaa, ukacheka:

“Samaki ulinunua ku soko, tena asubui.”

“Nani amesema?”

“Hakuna amesema. Kila mutu amedanganya ku upande yake. Nimepanga bongo zao, uongo yao yote, pamoja, kweli ikatokea yenyewe.”

Na torshi yako, ile taa ya mukono! Unafunga mulango ya jikoni, unaweka yai juu ya mwangaza: hii iko na mutoto, hii hapana. Hukukosea hata yai moja. Njo maana, wakati kitu kigumu kilitoka mu ziwa yako ya kushoto, ku kifua, hatukukimbia ku hospitali. Ulifunga mulango, ukaweka torshi. Nyama yote ikawaka nyekundu, pande zote sawasawa, hakuna fasi nyeusi. “Hakuna kitu,” ulisema. Na mimi, mukubwa wa kinywa: “Torshi yako haijakosea hata yai.” Bongo zote nimesema mu dunia zinanichekesha. Ile moja inanikula tangu siku tulikuzika.

Basi sikia. Mwaka hii, asubui moja, naona torshi yako haiko ku musumari fasi tuliitundika. Mulango ya jikoni imefungwa. Nikapiga.

“Béa! Rudisha torshi ya mama yako.”

“Papa, naangalia mayai.”

“Mayai gani? Tangu mama yako aende, mu hii nyumba kuku iko wapi?”

Mimi sikuuliza tena, baba haulizi mambo ya kifua ya mutoto yake. Nilikimbia kuita mudogo yako mwanamuke. Yeye njo aliingia, yeye njo alitoka na machozi: Béa naye iko na kitu kigumu. Siku ya pili tulikuwa mu gari ya Lubumbashi, bote tatu, na mimi sina hata hadithi moja mu kinywa. Shofele aliniuliza kama niko mugonjwa.

Kule ku hospitali bako banajaribu mashine ya mwangaza. Mudogo yako aliingia na Béa, mimi nikabaki inje kwa heshima. Mama Dokta, mwembamba sawa ufagio, akatoka kunifasiria. Nikamwambia: “Mutoto wangu, hii mashine tulikuwa nayo kitambo Likasi. Muke wangu njo aliianza, na mayai.” Akacheka. Kisha nikamwambia na ile nyekundu ya sawasawa ya ziwa yako. Hakucheka tena.

“Papa, mu yai mwangaza inapita. Mu nyama inagongana, inageuka, inapoteza njia, sawa taa ya gari mu ukungu.”

“Sasa mashine yenu inaona namna gani?”

“Haioni. Inauliza. Tunawasha torshi kidogo huku, macho ya mashine pande zote inapima mwangaza gani imefika. Tunawasha kule, inapima tena. Kila moja inaleta kipande ya kupotea-potea. Ordinatere, ile kompyuta, njo inatafuta: ili bote baseme hivi, ndani lazima kuko nini? Fasi damu mingi imejikusanya, mwangaza inamezwa. Ugonjwa mubaya unapenda damu.”

Mama Béa! Ilikuwa weye kabisa, na kitambaa ku kichwa, unazunguka soko juu ya samaki yangu!

Nikauliza polepole: “Basi torshi ya muke wangu ilidanganya?”

“Apana, Papa. Ilikuwa shahidi moja tu.”

Picha yenyewe ilikuwa wingu ya buluu na manjano. Nikasema hata mimi nikilewa naweza kupiga picha muzuri kuliko hii. “Njo maana hatuiamini peke yake,” akajibu, “tunaweka na sindano.” Damu ya kujikusanya haikuonekana. Na sindano ikatoa maji. Maji tu, mama! Kifuko cha maji, kikanywea palepale. Nikakaa chini mu korido, nikacheka mpaka mwanamuke wa kupangusa akaniletea kiti, akafikiri mimi njo mugonjwa.

Torshi imerudi ku musumari. Béa amenunua kuku tatu, anasema mimi njo nitaangalia mayai. Juzi nilimuambia nimeona mapacha mu yai moja. Akanitazama na macho yako.

Najua utasema muzee ameanza tena. Zunguka basi. Uliza Béa, uliza mudogo yako, uliza Mama Dokta, uliza na ile sindano. Panga maneno yao. Hii mara utakuta samaki ni ile ile nimekuletea, si ya soko.

Pumuzika, mama. Na mimi sasa nalala.

Bwana yako, mukubwa wa kinywa