Saini Yako Haikuhitajika

Wodi ya Wazazi,
Alhamisi, mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Mafua ya huko yameshakuachia? Mama hajambo, ila goti tu linamsumbua. Mimi nina hasira. Nimekaa kwenye benchi la wodi na sare yangu ya uuguzi nikuandikie kabla hasira hazijapoa.

Mkeo alijifungua jana kwa kupasuliwa, mara ya nne sasa. Ni msichana. Wote wazima. Najua umeshanuna.

Daktari alisema mapema kabisa: akibeba mimba nyingine, mfuko wa uzazi utapasuka na wifi yangu atakufa. Akashauri afungwe kizazi palepale mezani. Wifi alikubali. Lakini fomu inataka saini ya mume, na bila hiyo wafadhili wanaolipia wodi hii wanakuja juu. Wiki tatu nzima alikubembeleza kwenye simu. Ukamjibu kwa ujumbe: "Sikubali. Nataka mtoto wa kiume."

Hebu nikuulize, bwana mkubwa. Hiyo fomu imetoka wapi, kama si ofisini kwenu huko ng'ambo, kwa hao hao wafadhili? Mwaka juzi ulituandikia kwa majigambo kwamba mabosi wako waliweka nafasi ya saini ya mwanamke mwenyewe tu, kama wanavyofanya kwa wake zao. Wewe ndiye uliyewashauri waongeze ya mume, eti ndiyo mila yetu. Mila ipi? Baba alipotutoka, Mama alitulea kwa saini ya nani?

Na mimi nilikusifu, mjinga mimi. Tangu hapo nimewarudisha wanawake nyumbani wakatafute saini. Mmoja, fundi cherehani wa mtaa wa pili, alirudi baada ya mwaka akiwa na mimba. Hakutoka hapa akiwa hai.

Basi jana asubuhi nilikata neno "mume" kwa kalamu nyekundu, nikampa wifi hiyohiyo kalamu. Aliandika jina lake lote, mpaka la babu yake. Kisha nikasaini mimi, muuguzi wa zamu. Kizazi kimefungwa.

Mama anakusalimu. Binti zako watatu wanauliza utakuja lini. Huyu wa nne bado hakujui. Mungu akulinde, na akupe haya kidogo.

Ukitaka kunishtaki, ofisi unaijua, unashinda humo. Ila ueleze na mgonjwa ni mke wa nani.

Dada yako, akupendaye kwa shida wiki hii.