Wifi Imerudi

Mwanangu,

Chai ipo kwenye chupa. Nguo uzianue kabla ya mvua.

Asubuhi umenifokea mbele ya watoto: "Mama, hutunzi kitu!" Neno la siri la wifi nililiandika nyuma ya kalenda, na kalenda aliitupa mkeo. Mlipotoka nikachukua sindano yangu ya kushonea, nikabonyeza katundu ka nyuma ya rauta mpaka taa zikazimika, nikaingia kwa simu yangu, kwa namba zilizobandikwa chini yake, nikaweka neno jipya.

~~Neno lenyewe ni~~ Hapana, siandiki tena. Ni jina la marehemu baba yako na mwaka tuliomzika. Ukiwa umeusahau, tutajua nani humu ndani hatunzi kitu.

Nimekwenda kwa dada yangu.

Mama yako, bibi wa hao waliosikia