Chai ya Mnanaa Nyumbani kwa Merrill Tuttle

OFISI YA SHERIFU, WILAYA YA TOLLIVER, IDAHO
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Lavonne Tuttle
Umri: Miaka 71
Kazi: Mpishi wa shule, mstaafu
Makazi: Barabara ya Mfereji, nje ya mji wa Pickett
Dini: Kusanyiko la Uzima
Tarehe: 9 Novemba 2017, saa nne asubuhi
Mbele ya: Naibu Sherifu R. Ostrander

Mimi ni mjane wa Merrill Tuttle, mkulima wa viazi, aliyefariki nyumbani kwetu tarehe 21 Oktoba mwaka huu. Nimeambiwa kuwa Ardis Hepworth, mwombezi wa kusanyiko letu, anatuhumiwa kumtibu mume wangu bila leseni. Nimeelezwa pia kwamba sheria ya jimbo haimdai leseni mtu anayewaombea wagonjwa kwa imani yake, ila akishatoa dawa, hata ya majani, kinga hiyo imemtoka. Kwa hiyo najua kinachotafutwa kwangu ni ile chai. Nitaifikia. Niacheni kwanza nieleze mambo yalivyokwenda.

Mnamo mwezi wa Agosti, wakati wa kumwagilia, Merrill alijikata mguu wa kulia kwa bomba bovu shambani. Kidonda hakikufunga. Kwetu ugonjwa hauitwi kwa jina. Tumefundishwa kuwa ukiutaja umeukaribisha na kuupa kiti. Mtu akikuuliza, "U mzima?" unajibu, "Ni mzima," hata kama unajibu ukiwa kitandani. Mimi na Merrill tuliishi hivyo miaka arobaini na saba. Basi sikumuuliza habari ya mguu, naye hakuniambia. Nilifua soksi zake zenye usaha, nikazianika, na jioni tukala tukiongea habari za mvua.

Mwishoni mwa Septemba alishindwa kuvaa kiatu. Nikampigia simu Dada Ardis. Alikuja siku ile ile na hakuacha kuja. Wenzetu wengine wa kusanyiko walikuwa kwenye mavuno. Walileta vyakula vya kuoka, wakaviacha barazani bila kubisha hodi, kwa sababu harufu ilikuwa imeshafika mlangoni. Siwalaumu. Hapana, andika kwamba nawalaumu kidogo.

Nimeulizwa Dada Ardis alifanya nini. Aliketi kwenye kiti upande wa miguuni, mikono mapajani, akaomba kimyakimya. Hakumgusa. Siku moja nilimwambia, "Dada, hebu funua hilo blanketi uone mwenyewe."

Akasema, "Usinionyeshe, mpenzi. Nikiona nitaogopa, na mwenye hofu hawezi kuomba."

Akaendelea mpaka jasho likamlowesha kola. Anayesema mwanamke yule ni tapeli hakuwahi kukaa naye chumba kimoja.

Sasa chai. Dada Ardis alichuma mnanaa unaoota ukingoni mwa mfereji, akaingia jikoni kwangu, akatafuta sufuria mwenyewe, akachemsha. Chai ile ilikuwa yangu mimi. Nilikuwa silali wala sili. Alinisimamia mpaka nimalize kikombe, huku akinitania: "Kunywa, mwanamke! Umekonda hivyo, ukisimama shambani hata kunguru hawatakuogopa." Nilicheka. Mwezi mzima ule sikucheka mara nyingine. Kikombe alichokikuta mwanangu kando ya kitanda ni changu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikikaa pale. Merrill hakuionja. Mnanaa hakuupenda tangu ujana wake.

Mwanangu Garth, umri miaka 43, anaishi Boise. Aliacha kusanyiko akiwa kijana. Alifika tarehe 19 Oktoba bila taarifa, akaingia chumbani, akalifunua blanketi. Alipiga ukelele. "Mama, hii ni kisukari! Mguu umeoza! Mlikuwa mnangoja nini?" Neno hilo lilikuwa halijatamkwa ndani ya nyumba yetu. Akaita gari la wagonjwa. Watu wa gari walikuja, wakamuuliza Merrill kama anataka kwenda hospitali. Akawajibu kwa sauti yake ya siku zote, "Mimi ni mzima, vijana. Asanteni kwa kuja." Alikuwa na akili zake timamu, wakaondoka. Garth aliketi kwenye ngazi za baraza akalia, nami sikujua nimkaribie vipi.

Kesho yake mchana Garth alikwenda mjini kutafuta daktari atakayekubali kuja nyumbani, ila hakumpata. Dada Ardis alikuwa hajafika. Tulikuwa wawili tu. Merrill akaniita, akasema, "Lavonne, nimechoka kuwa mzima."

Hakuwahi kuniambia neno kama lile. Nilijua ananiomba nini. Simu ilikuwa ukutani, hatua chache kutoka nilipokaa. Nikafungua mdomo, likatoka lile nililozoea: "U mzima, Merrill." Akageukia ukutani. Hakusema tena, na alfajiri alikata roho.

Nataka hilo liandikwe lilivyo. Dada Ardis hakuwepo na mpaka leo sijamwambia. Asije mtu akasema yeye ndiye aliyemzuia mume wangu.

Leo asubuhi, njiani kuja hapa, Garth alirudia aliyoniambia tangu juzi: "Mama, sema tu alimpa Baba ile chai. Neno moja. La sivyo yule anarudi kwake kulala usingizi, na Baba amekufa bure."

Nikamwambia, "Siwezi kusema nisichokiona, mwanangu."

Akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kimeshamuumbua Baba, na wewe bado unaficha!" Kisha akasema nikimwokoa mwanamke yule, nisimtafute tena, yeye wala watoto wake.

Sikuzaa mwingine. Nyumba yangu ina vyumba vinne, na kinachonguruma humo ni jokofu. Jana nilisimama jikoni nikaujaribu huo uongo kwa sauti, nione unasikikaje. Ulitoka vizuri, bila kukwama. Ningefurahi sana kuusema leo. Lakini chai ilikuwa yangu, niliinywa mimi, na ilinisaidia.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyatenda kwa mdomo wangu. Nimesomewa, na ni sahihi.

(Sahihi) Lavonne Tuttle

MAELEZO YA AFISA: Kabla ya kutia sahihi, shahidi aliomba mwanawe, aliyekuwa akisubiri nje ya chumba, asomewe maelezo haya. Nilimsomea. Tulipofika kwenye chai alisimama, akachukua koti lake, akaondoka. Nilimuuliza shahidi kama angependa kubadilisha lolote. Alisema hapana, akatia sahihi saa sita na dakika kumi. Kwa kuwa hana gari, nilimuuliza nimpigie nani simu aje kumchukua. Alitaja jina moja, Ardis Hepworth. Nilimfahamisha kuwa mtuhumiwa amekatazwa kuonana na shahidi mpaka kesi iishe. Alisema, "Basi hakuna mwingine." Nilimpeleka nyumbani mimi mwenyewe.

R. Ostrander, Naibu Sherifu