Wifi na Sikio la Bibi Mdogo

Nyumbani,
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa dada,

Hujambo? Mgongo wako je, bado unakusumbua ukikaa sana? Na shemeji na watoto, wazima wote? Sisi huku tunashukuru, tunakula na tunalala, ila kuna kitu kimenikaa moyoni, na nisipokitoa kwako sijui nikipeleke wapi.

Kazini bado niko meza ile ile, nakata vitambaa vya sare kwa mashine. Naondoka mwanangu Bibi Mdogo amelala, narudi ameshaogeshwa. Anayemwogesha ni wifi. Unajua alihamia kwetu saluni yao ilipofungwa, na mimi mwenyewe kwa mdomo wangu ndiye niliyemwambia mume wangu, mlete dada yako, atatusaidia na mtoto. Amesaidia kweli. Amesaidia mpaka mtoto akijikwaa hamwiti mama tena.

Basi mwezi uliopita Bibi Mdogo akaanza kushika sikio la kushoto na kulia, mwili moto. Mimi nikasema twende kwa daktari. Wifi akasema kuna bwana mmoja anatibu kwa homeopathi, ana chumba juu ya fundi viatu, amemtibu rafiki yake kipandauso kikaisha. Mume wangu unamjua, dada yake akitamka jambo kwake ni amri. Tukaenda.

Yule bwana sikio lenyewe hata hakuligusa. Kazi yake ni kuuliza. Akaniuliza mimi, maana mimi ndiye mama: akiumwa analalia upande gani? Anataka maji au hataki? Shavu lipi linaiva? Mimi nimekodoa macho, natafuta jibu, wifi huyo ameshadakia: "Analalia upande ule ule unaouma. Maji hataki kabisa. Shavu ni la kushoto. Na ukimbeba ukitembea naye ananyamaza, ukikaa tu, anaanza upya." Yule bwana akaacha kuniangalia, akageuza kiti kumwelekea yeye. Mimi nikawa msindikizaji. Wivu ulinishika, dada.

Tukapewa kichupa cha vidonge kama punje za mtama, vitamu. Dawa yenyewe, alisema, imezimuliwa na kuzimuliwa, na kadiri inavyozimuliwa ndivyo inavyopata nguvu. Ingekuwa hivyo, chai ya kazini kwetu ingekuwa inafufua watu. Lakini mtoto alivipenda! Alikuwa anamfuata wifi mdomo wazi kama kifaranga. Mimi nikimpa dawa yangu ya homa, ananitemea kifuani.

Baada ya siku chache kilio kikakatika ghafla. Narudi kutoka kazini, namkuta wifi anamrusha mtoto juu, wanacheka wote wawili. "Si nilikwambia, wifi? Vidonge vimefanya kazi!" Mume wangu naye anampongeza, utafikiri kashinda uchaguzi. Mimi nikaingia chumbani kutandika. Mto wa mtoto ulikuwa na doa la njano, linanuka. Nikawarudia, nikakigeuza kichwa cha mtoto, nikaona usaha unatoka sikioni. Sikumuuliza mtu, nikambeba nikatoka naye.

Daktari alimulika sikio, akaniambia ngoma yake imetoboka. Maumivu yameisha kwa sababu usaha umepata pa kutokea, vidonge havihusiki. Akamwandikia antibiotiki, akasema sikio lisiingie maji, na kwamba mara nyingi ngoma huziba yenyewe, lakini lazima tumrudishe apimwe kama anasikia. Mwanangu ana tundu sikioni, dada, na mimi njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumpa wifi. Nilikuwa na furaha, nakwambia ukweli. Niliyasema yote, tena mume wangu akiwa amekaa pale pale. Wifi akalia, akakitupa kichupa. Tangu siku hiyo ile antibiotiki alikuwa anaitoa yeye, hakukosea saa hata mara moja, na mtoto hakumtemea. Hata hilo liliniudhi.

Juzi ndiyo tumemrudisha. Bibi Mdogo alikataa kuvaa viatu mpaka shangazi yake avae vyake, kwa hiyo ikabidi wifi aje. Daktari akaangalia, akasema ngoma imeziba. Akamkalisha mtoto sakafuni na vikombe vya plastiki, ametugeuzia mgongo, akaniambia, "Haya mama, mwite. Taratibu, usipaze sauti."

Nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita tena. Anapanga vikombe vyake. Nikajua basi, mwanangu hasikii. Daktari akamwashiria wifi, ambaye alikuwa amesimama kule mlangoni, mbali kuliko mimi. Wifi akamwita kwa sauti ya chini mno, mimi mwenyewe niliisikia kwa taabu. Mtoto akageuka hapo hapo, akacheka, akaangusha vikombe, akamkimbilia.

Daktari akasema anasikia vizuri kabisa, hana tatizo lolote. Wifi akanikumbatia huku machozi yanamtoka, mtoto yuko katikati yetu. Mimi pia nililia.

Msalimie sana shemeji, na wale wanao wawili waambie mama mdogo anawakumbuka. Mama anakusalimu, anauliza utakuja lini. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe afya, na wanao wasikuchoke.

Namshukuru Mungu mwanangu anasikia, dada, usinielewe vibaya. Lakini kama anasikia vizuri kabisa, basi na mimi alinisikia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Mama yake Bibi Mdogo