Mihambo Hakufa, Nilimzika Tu

Alhamisi. Mvua imeshuka tangu alfajiri, sasa imekata, Ngamiani yote tope. Mie naongea, simu inaandika, kwa hiyo mkiona neno la ajabu mlaumuni simu.

Barazani wameshaanza. Mmoja anasema Mihambo alinijia na panga. Mwingine anasema nilimwonea kijicho kwa ile kazi. Mpiga pasi wa kona anahadithia utadhani alikuwa ndani kwangu, na mlango nilikuwa nimeufunga mwenyewe. Wote wanaikosea hadithi hii. Mie nilikuwepo, na hata nisingekuwepo ningeisimulia vizuri kuliko wao.

Kwanza niseme hili:

Ramadhani Mihambo, fundi wa korona wa Maramba, yu hai.

Sentensi hiyo nimeamrishwa niiseme hivyo hivyo ilivyo. Sababu inakuja.

Korona ni ile mashine ya mkonge, inakula majani na kutema nyuzi. Mihambo ni Mnyamwezi, baba yake aliletwa Maramba kukata mkonge. Mie Mdigo. Basi ni watani, na utani wetu si wa kitoto. Siku tuliyomzika mama yangu, Mihambo alijitosa kaburini kabla ya maiti, akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Akatangaza kwamba marehemu hakufa kwa maradhi, amekimbia kunipikia. Nililia na kucheka kwa pamoja, sijui kipi kilitangulia.

Nikamwekea kisasi. Mwaka jana nikaandika humu humu kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni: "Tanzia. Ramadhani Mihambo, fundi wa korona wa Maramba, amefariki dunia na tumeshamzika." Utamu nikauweka chini: kwamba ameuawa na sinia la pilau, kwamba jeneza lilikuwa fupi tukamkunja miguu, kwamba korona iliomba ruhusa ije mazikoni. Nyie wasomaji mkanijazia innalillahi. Mwenyewe akanipigia simu: "Mdigo, ubani wangu uko wapi?"

Yakaisha. Nilidhani yameisha.

Sasa, mpwa wangu Mwanaidi, binti wa dada yangu, nakaa naye hapa. Kazi yake ni kusaka watu. Kampuni inataka mtu, haijui yuko wapi, inawaambia wakala wa Dar es Salaam. Wakala anamwambia Mwanaidi, naye anajifungia chumbani na kompyuta mpaka amtoe mtu huyo mtandaoni. Nimemwona anavyofanya. Haandiki ovyo. Maneno anayafunga kwa alama za nukuu, mashine imletee hayo hayo. Mengine anayawekea alama ya kutoa, yasije. Maana ukiandika korona peke yake unaletewa barakoa na sindano, mkonge huuoni.

Safari hii alitakiwa fundi wa korona. Shamba moja linafufua mashine, kazi ya kudumu, na nyumba ya kukaa. Akasaka mpaka akapata kavideo ka mtu aliyechomeka mkono ndani ya mashine hadi begani, uso hauonekani. Chini mtu kaandika: "Huo mgongo wa Mihambo wa Maramba."

Barazani nilisema mie ndiye niliyempa Mwanaidi jina hilo. Nilikuwa njiani kumpa.

Mihambo, tangu korona ya kwao izimwe, anapalilia mihogo ya watu. Umri wake hauitwi kazini mara mbili. Akatuma vyeti, usaili ukapangwa leo baada ya adhuhuri, kwa kompyuta ya Mwanaidi, hapa hapa kwangu.

Asubuhi Mwanaidi akatoka chumbani na kompyuta imefunguka mikononi.

"Mjomba, huyu amekufa lini?"

"Mwaka jana. Kwani hukuja mazikoni?"

Hakucheka. Mtoto yule tangu mdogo akicheka nyumba nzima inajua. Leo midomo imekauka.

Kumbe mkubwa wake wa Dar, Dada Jesca, kabla ya usaili huliandika jina la mtu mtandaoni aone linaleta nini. La Mihambo likaleta tanzia. Na ile mashine haionyeshi maneno yote, inaonyesha mistari miwili ya juu tu. Sinia la pilau hakuliona. Aliona amefariki, tumeshamzika, na innalillahi zenu. Akajua kuna mtu anatumia vyeti vya marehemu. Akamwambia Mwanaidi: usiponipa maelezo kabla ya usaili namwondoa huyo mtu, na wewe sikupi mwingine wa kumtafuta.

Mie mtu wa vitendo. Nikachukua simu, nikaingia humu, nikaifuta tanzia. Nikamwonyesha kioo. Kwisha.

Mwanaidi akaketi chini sakafuni. "Umefuta?"

"Nimefuta."

"Mjomba, wameshaipiga picha. Sasa wakiifungua hawaioni. Unadhani watafikiri nini?"

Hata hajamaliza, simu ikalia. Dada Jesca sauti ilikuwa chini kabisa, na mwanamke akishusha sauti namna ile mie huondoka chumbani. Nikabaki. "Mwanaidi, sasa mnafuta ushahidi." Na ubaya wake, ukilitafuta jina, ile mistari miwili bado ipo juu. Ukiibonyeza hupati kitu. Nilikuwa nimefuta kicheko na kubakiza maiti.

Tukampigia Mihambo. Hapatikani. Mvua inapiga bati, husikii hata mawazo yako. Huenda yuko njiani, huenda barabara ya Maramba imekatika, huenda ameambiwa na mtu akarudi. Mwanaidi anaangalia mlango, mie namwangalia Mwanaidi. Nilijaribu mzaha mmoja. Nikauacha katikati.

Adhana ya adhuhuri ikapita.

Akaingia amelowa mpaka masikio, shati la usaili kalifunga ndani ya mfuko wa nailoni, kavu. Pikipiki ilikwama, akaisukuma na mwenye nayo. Akatazama juu, akanitazama mie.

"Mdigo, paa linavuja au unalia?"

Mwanaidi akamweleza yote, haraka haraka, hakunifichia kitu. Mihambo alikuwa anafunga vifungo. Akafunga mpaka cha shingoni, akakaa mbele ya kompyuta.

Dada Jesca akatokea kwenye kioo. Hakusalimia sana. "Mtu yeyote anaweza kukaa hapo akajiita Mihambo. Nani anamjua?"

Nikajisogeza nionekane. "Mie namjua tangu kijana, dada yangu."

"Na wewe ni nani, baba?"

"Mie ndiye niliyemzika."

Mwanaidi akafumba macho.

Nikaona hapa nisiposema tumekwisha. Nikamweleza utani, nikamweleza mama yangu na kaburi, nikamweleza pilau. Sijawahi kusimulia kwa uoga, leo nimesimulia kwa uoga. Alipojibu hakuwa mkali tena, na hiyo ndiyo iliyoniumiza.

"Baba, utani naujua, mimi Mngoni. Nimekuelewa. Lakini mteja wangu ataliandika jina hili Jumatatu, kama nilivyoliandika mimi. Mtandao haujui nani mtani wa nani. Pale pale ulipomzika, andika kwamba yu hai, kwa maneno yale yale ya mwanzo, ili akitafutwa lije hilo. Na useme ulidanganya. Neno lenyewe liwemo. Na usitie chumvi."

Mie nimekuza mambo, nimeyapamba, nimeyavuta yakafika nisikofika. Neno kudanganya sijapata kulitamka hata kwa kadhi.

Haya. Nilidanganya. Tanzia ile ni ya uongo, nimeitunga mie.

Nikafukuzwa nikakae uani, usaili ukaendelea. Kupitia dirishani nilisikia "ndiyo dada" na "hapana dada" na nikaona mikono ya Mihambo ikionyesha kitu kinachozunguka. Mwisho Dada Jesca akasema kwake amepita, vyeti vyake vimekubaliana na maelezo yake, na Mwanaidi abaki na kazi yake. Kilichobaki ni mteja, Jumatatu, na atakachokiona akiandika jina.

Mihambo akatoka uani, akaniona nimejibanza kwenye pipa la maji, akacheka mpaka akashika ukuta. Akanipiga kofi la kiganjani. "Mdigo, ukinizika tena nialike nije nile."

Mwanaidi ameliandika jina tena sasa hivi, limefungwa kwa nukuu. Mistari miwili bado ipo juu. Ameomba iondolewe, anasema mashine huchukua muda wake kujua kwamba kitu kimefutwa. Pengine Jumatatu itakuwa imejua. Pengine haitakuwa.

Hapa ndipo ningeishia. Lakini nimeambiwa nisitie chumvi, na kazi ya mtu imesimama juu ya haya ninayoyaandika. Yote mliyosoma ni kweli isipokuwa moja. Mihambo hakucheka.

Alitoka uani, shati amelivua, analikunja kulirudisha kwenye mfuko. Nikamwambia, Mnyamwezi we, hata kufa hukuweza. Akanipa mkono, akainamisha kichwa kidogo kama anavyofanya mtu kwa mzee asiyemjua.

"Shikamoo, mzee."

Tangu tujuane hajapata kuniamkia. Mtani haamkii, mtani anauliza kwa nini hujafa. Nikasema marahaba, kwa sababu mdomo ulisema wenyewe, naye akaenda zake kutafuta pikipiki.

Kesho nikisali Ijumaa namfuata Maramba. Msamaha siutaki. Nataka anitukane mbele ya watu, mie na ukoo wangu. Akinipa kiti na kunikaribisha chai kwa adabu, basi nimemzika kweli.