Wacha, ni yangu

Jumamosi, Agosti 2011

Bao limekubaliwa. Refa hajui Kiswahili, angejuaje?

Kwenye haya mashindano ya vyuo vya kanda, ni kinara wa kundi peke yake anayekwenda nusu fainali. Wenzetu sare iliwatosha, sisi ilikuwa lazima tushinde. Kipa wao na beki wao wa kati ni Wakongo, na mechi nzima nilikuwa nawasikia wakiitana kwa Kiswahili. Timu yetu anayekijua ni mimi tu.

Mwishoni ukaja mpira mrefu, beki akajiandaa kuuondoa. Nikapaza sauti nyuma yake, nikimwigiza kipa: "Wacha! Ni yangu!"

Akauacha. Nikafunga.

Wenzangu walinibeba juu juu. Nami nikacheka, mshenzi mimi.

Baadaye, navua viatu, yule beki akanijia. Nilitegemea matusi.

"Ndugu, uko mutu ya wapi?"

Hakuwa na hasira hata kidogo. Aliuliza kama tunavyoulizana sisi wahamiaji huko mtaani Hillbrow mtu akisikia lugha ya nyumbani, yuko tayari hata kukukaribisha chakula.

Wenzangu walikuwa wanasikiliza, na hakuna aliyejua lile bao nililipataje. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba sielewi anachosema.

Akanitazama. Kisha akasema, kwa Kiswahili kilekile, "Haya, mufike muzuri."

Asante ilishafika mdomoni. Nikaimeza.