Mbio za Gabrieli

Nduguti, 3 Juni 1973

Mwanangu Gabrieli,

Habari za huko? Sisi hatujambo, kifua cha mama yako kimepona, na mtama wa shamba la ujamaa tumeshauvuna. Wewe afya unayo, tena imezidi. Vijana wetu waliorudi kutoka mjini wanasema ulichezesha mpira mzima umesimama katikati ya uwanja, ukatoa penalti kwa rafu iliyotokea yadi hamsini kutoka uliposimama. Uliona nini kutoka huko? Mimi nimechezesha miaka kumi na mmoja kwa viatu vya matairi, na mpira ulipotua nilikuwepo. Wewe umekalia kiti cha ukarani mpaka tumbo linakutangulia mlangoni! Nasikia mwezi huu marefa mnapimwa mbio. Amka alfajiri ukimbie, usinitie aibu.

Ni mimi baba yako,
Yohana

Singida Mjini, 19 Juni 1973

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mama mpe pole. Mbio nimefaulu! Dakika kumi na mbili, raundi nane za uwanja, hakuna refa aliyenifikia. Wapimaji wamefurahi hata wamenipa fainali ya mkoa, Sekenke na timu ya mjini. Hao vijana wako waache kelele za kijijini. Urefa wa siku hizi ni kichwa, siyo kukimbizana kama mbuzi.

Mwanao,
Gabrieli

Nduguti, 1 Julai 1973

Mwanangu Gabrieli,

Marahaba. Huku wote wazima.

Raundi nane! Wewe unayehema ukipanda basi? Jana Damiani, mchunga ng'ombe wa hapa kwetu, alilewa pombe ya mtama akasema yote. Kumbe aliyekimbia ni yeye, amevaa fulana yako yenye namba mgongoni, maana wapimaji wageni hawakujua sura zenu. Loo, mtoto wangu! Hata jasho umemtuma mtu mwingine akutolee. Nenda uwaambie ukweli, fainali wampe mwenye miguu. Mimi sijamwambia mtu.

Baba yako,
Yohana

Singida Mjini, 8 Julai 1973

Baba, shikamoo.

Natumaini hamjambo. Mambo ya Damiani yaache. Mlevi wa porini nani atamsikiliza? Fainali nachezesha. Njoo Jumapili, nitakuwekea kiti jukwaani kwa wakubwa.

Mwanao,
Gabrieli

Nduguti, 17 Julai 1973

Gabrieli,

Nyumbani ni wazima. Mama yako anakusalimu, salamu zangu hazimo.

Jumapili nilikuja, ila sikukaa kwa wakubwa. Nilikaa juani na watu wa Sekenke. Kipindi cha pili kimeanza tu, wewe umeshika magoti katikati unatweta. Mshambuliaji wao Chrispin anapiga, mpira unavuka mstari wa goli, kipa anauchota ndani anauleta nje, na wewe unapunga mkono waendelee! Yule kijana alilia hadharani, mwanaume mzima. Watu wakakutukana matusi ambayo siwezi kuyaandika, wakauliza nani anamjua refa huyu. Mimi niliyekuzaa nikajifunika uso kwa kofia. Aibu niliyoiona siku hiyo sijapata kuiona tangu nizaliwe.

Nilipotoka pale nilikwenda kwa mwenyekiti wa marefa nikamweleza habari ya Damiani yote. Mechi itarudiwa na refa mwingine. Wewe unatakiwa kwake Jumatatu saa mbili asubuhi, ukairudishe filimbi yao. Ipeleke mwenyewe, usimtume mtu.

Yohana